Mwaka Baba Mdogo Alipopika Bongo

Juzi jirani yangu alichoma taka zake upande ule unakotoka upepo, kama kawaida yake, na moshi wa plastiki ukaingia mpaka chumbani. Wajukuu wakakimbia nje wameziba pua. Mimi nilibaki nimekaa, nikaivuta ile harufu mpaka nikakohoa. Mkwe wangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nina njaa. Alinitazama kwa jicho lile wanalotutazama nalo siku hizi sisi tuliozaliwa kabla ya uhuru, na sikujisumbua kumweleza. Nawaeleza ninyi wenzangu, maana watu wa rika letu hawahitaji kuambiwa kwamba harufu mbaya inaweza kuwa harufu ya chakula.

Kwetu Uvira uongo unaitwa bongo. Nasema mapema, kwa sababu wasomaji wa mbali watadhani nazungumzia ubongo wa kichwani. Hapana. Bongo ni uongo mtupu. Mtu akisema bongo amedanganya, na mtu akipika bongo amekaa chini, akatulia, akatunga uongo wenye miguu ya kutembea. Basi Baba Mdogo Zakaria, mdogo wake baba yangu, alikuwa anapika bongo ndani ya kopo la maziwa, juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, na mimi ndiye niliyezipaka rangi. Hebu nianze vizuri.

Wakati huo, miaka minne hivi baada ya uhuru, nilikuwa mtoto wa miaka saba, nakaa kwa Bibi, mama yake baba, pale Mulongwe. Baba alikuwa dereva wa lori huko Bukavu. Mama alikuwa amekwenda kujifungua kwa wazazi wake Luberizi, akaniacha kwa Bibi kwa wiki chache tu, ndivyo alivyosema. Kisha uasi ukaingia, barabara ya bondeni ikafungwa, na zile wiki chache zikanenepa zikawa miezi. Nyumbani tulibaki watatu: Bibi, Baba Mdogo na mimi. Aliyetulisha alikuwa Baba Mdogo peke yake. Nililijua hilo vizuri hata kwa umri ule, kwa sababu Bibi alilirudia kila alipomgombeza, ili asije akajisahau akafa.

Kazi yake ilikuwa kuvua ndagala, dagaa wetu wa Tanganyika, ambao huvuliwa usiku kwa taa. Waasi walipoushika mji, walipiga marufuku taa ziwani. Walisema taa zinaita ndege za serikali. Ndagala nao wana msimamo wao: bila taa hawaji, hata uwaimbie. Ikabaki kuvua mikeke mchana kwa mshipi, ule uzi mrefu wenye ndoana nyingi. Mukeke ni samaki mzuri, mwenye kung'aa, na mlafi, anakula ndagala. Wavuvi wa kwetu walikuwa wakimdanganya kwa unyoya mweupe wa jogoo uliofungwa kwenye ndoana; ukiuvuta majini anaona ndagala anakimbia, anaumeza.

Tatizo likawa kuku. Wanajeshi wa serikali walipokimbia walikula nusu ya kuku wa Uvira ili wapate nguvu za kukimbia. Waasi walipofika wakala nusu iliyobaki ili wapate nguvu za kuwafuata. Jogoo wa mwisho mtaani kwetu alifichwa chini ya kitanda cha jirani, na angeishi mpaka leo kama asingewika. Baada ya hapo hapakuwa na unyoya mweupe kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, na Baba Mdogo akawa anakaa mlangoni akiangalia miguu yake.

Ndipo alipoziona sandali. Mtakumbuka zile sandali za plastiki zilizojaa madukani mwaka wa uhuru, laini, nyeupe za kuonyesha vidole. Kila mtu alitaka kuingia katika uhuru na viatu. Kufikia wakati wa uasi nyingi zilikuwa zimekatika kamba, zimetupwa nyuma ya nyumba, na hakuna aliyejua la kufanya nazo, maana hazikuoza wala hazikushoneka. Baba Mdogo alizikusanya kwenye kikapu. Mtaa mzima ulisema njaa imempanda kichwani. Bibi alisema imempanda zamani.

Alizikata vipande vidogo, akaviyeyusha kwenye kopo. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, wa kukaa kwenye nywele mpaka Jumapili. Bongo ya kwanza ilitoka ngumu kama kijiko. Ya pili akaitia mafuta kidogo ya karanga, ikatoka laini, ya kutikisika mkononi. Kwa umbo, alichukua udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni, akabandika ndagala mkavu juu yake na kumkandamiza kwa kidole gumba, kisha akamtoa. Alama ya yule ndagala ikabaki udongoni pamoja na mkia, magamba na mdomo wake wa kushangaa. Udongo ulipokauka alimimina plastiki ya moto humo, na ilipopoa akabandua samaki mdogo mweupe, laini, ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Bibi alikuja akamchukua, akampindua, akamnusa.

"Hii ni nini?"

"Samaki, mama."

"Hii haina samaki."

"Ni samaki ya kudanganya samaki."

"Basi ni bongo," alisema Bibi, akamrudisha kopeni. "Minye mama yako sikukuzaa juu ya kupika bongo."

Jina likashika palepale. Tangu siku hiyo ilikuwa leta ile bongo, bongo imekatika mkia, nani amekalia bongo yangu.

Lazima niwaambie jinsi Bibi alivyokuwa, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Alizaliwa juu milimani, kwa watu wa ng'ombe na wa kanisa, akashushwa ziwani na ndoa. Samaki hakuwazoea kamwe. Alikuwa akisema ng'ombe unamwita kwa jina lake, anakuja. Samaki anakuja kwa bongo tu, basi mfikirieni wenyewe tabia yake. Uongo alikuwa haujui hata ule wa adabu. Mgeni akiuliza kama amekuja wakati mbaya, Bibi alimjibu ndiyo. Wanawake wa mtaani walikuwa hawamwonyeshi watoto wao wachanga mpaka sura zikae sawa. Mtu akigombana na mwenzake kuhusu jambo fulani, walikuja kumwuliza Bibi, na alilolisema ndilo lilikuwa. Mimi nilimwogopa kidogo na kumpenda sana, na nilidhani bibi wote wapo hivyo.

Kazi ya rangi nilipewa mimi kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo. Bulu tuliitoa kwenye ule unga wa bulu wa kung'arishia nguo nyeupe, ambao Bibi aliutunza kwa ajili ya kitambaa chake cha kanisani. Tuliuchota kidogokidogo. Kadiri migongo ya samaki wetu ilivyopendeza, kitambaa kilizidi kuwa cha njano. Karatasi ya fedha ya pakiti za sigara niliikatakata kwa wembe ikawa magamba. Tulijaribu pia kidonge cha njano cha malaria, na mikeke waliitema ile bongo kama watoto wa shule. Macho niliyachora kwa masizi na mwiba. Mimi nikaongeza kope, kisha nyusi, kisha tabasamu. Baba Mdogo aliitazama ile bongo yenye tabasamu kwa muda mrefu.

"Hii ndagala iko nacheka nini?"

"Inafurahi."

"Mu maji hakuna ndagala ya kufurahi, mama," aliniambia, maana kwetu hata mtoto wa kike huitwa mama. "Ondoa meno."

Nilikuwa na wasiwasi mmoja tu kuhusu kazi yangu. Bibi alisema kila siku kwamba bongo inabakia kwenye ulimi wa mtu, na Mungu akitaka kumjua mwongo anamwambia toa ulimi. Sasa sisi tulikuwa tunakula mikeke waliokamatwa kwa bongo. Nilijiuliza kama ile bongo inaingia ndani ya mukeke, halafu ndani yangu. Siku moja baada ya kula nilichukua kipande cha kioo cha Baba Mdogo, nikatoa ulimi. Ulikuwa wa bulu. Haikunijia akilini kwamba tangu asubuhi nilikuwa nalamba kijiti cha rangi ili kinyooke. Nilijua tu kwamba nimepotea. Nilikaa siku nzima bila kufungua mdomo, Bibi akanipa dawa ya minyoo.

Halafu mbiu ikapigwa. Kijana wa waasi alipita mtaani akigonga debe, akatangaza kwamba mapinduzi yamechoka na maneno ya pembeni. "Muntu yote mwenye kupika bongo, mwenye kutembeza bongo, mwenye kusikiliza bongo, atauawa." Alisema hivyo mara mbili, akaenda mtaa wa pili. Nilikimbia nyumbani pumzi zikinikatika, nikamkuta Baba Mdogo ameinama juu ya kopo.

"Baba Mudogo, ficha ile kopo. Banasema mwenye kupika bongo atauawa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akanifuta machozi kwa kiganja kilichonuka plastiki. "Ile ni bongo yao," alisema. "Hii ni bongo yetu." Nilimwamini, maana alikuwa mkubwa. Siku hizi nikimsikia mtu mzima anamwambia mtoto hujui kitu, huwa namwuliza kwanza yule mtoto amesikia nini.

Wavuvi wengine walikuwa wameanza kuja kwetu kutafuta bongo, wakileta unga wa muhogo na chumvi. Sasa wote wakawa wanataka nyekundu. Mmoja wao alikuwa amesimamishwa pwani akaulizwa kwa nini vitu vyake vyote ni vyeupe, na yeye ni mtu wa nani. Nyekundu, waasi walisema, ni damu ya mapinduzi. Basi kila mvuvi akataka aonekane na nyekundu kwenye mshipi wake. Lakini mukeke anakula ndagala, na nani amewahi kuona ndagala mwekundu? Bongo nyekundu ilikuwa inarudi kutoka majini jinsi ilivyokwenda.

Baba Mdogo alipata njia. Muuguzi mmoja aliyekimbia alikuwa ametuachia chupa ya ile dawa nyekundu ya vidonda, na mimi nikapewa kuzipaka bongo nyeupe kwa juu. Zikakaa nyekundu za kupendeza. Zikilowa kidogo tu, dawa inaondoka, inabaki nyeupe ileile. "Ku inchi ya kavu ni ya mapinduzi," alisema Baba Mdogo, "mu maji ni ya samaki." Kila mvuvi aliyenunua aliambiwa azipake tena kabla ya kurudi pwani, na kila mmoja alipewa dawa kidogo kwenye jani la mgomba. Bibi alitazama yote hayo akitikisa kichwa.

"Sasa unapaka bongo juu ya bongo. Njia ya mwongo ni fupi, Zakaria."

"Yangu inafika mpaka ngambo, mama."

Siku chache baadaye Bibi na mimi tulikuwa tunarudi kutoka shambani, Bibi na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Kwenye daraja la Mulongwe waasi walikuwa wameweka bariyeri ya miti miwili. Vijana wawili walikuwa pale, mmoja amesimama na bunduki, mwingine amekaa akila muwa. Yule wa muwa ndiye aliyeuliza.

"Mama, ku nyumba muko na mwanaume?"

"Iko. Mutoto yangu Zakaria."

"Anafanyaka kazi gani?"

"Zamani alikuwa muvuvi," alisema Bibi. "Sasa iko napika bongo."

Yule wa muwa akaacha kutafuna.

"Bongo gani?"

"Ya mingi. Kulikuwa ya nyeupe na ya bulu. Tangu mulikuya, njo iko napika ya nyekundu, juu yenu."

"Juu yetu?"

"Juu yenu, njo," alisema Bibi, maana kwetu njo ni ndiyo, na juu yenu ni kwa ajili yenu pia.

"Na iko naitembeza wapi?"

"Yeye haitembeze. Bavuvi njo banakuyaka kuichukua. Ingine inafika mpaka ku Burundi."

Yule kijana alisimama, akautupa muwa. "Na bale banaopelekewa, banaamini?"

Bibi alifikiri, maana alitaka kujibu sawasawa. "Banaamini sana," alisema. "Banaamini mpaka banakufa."

Na mimi, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza kitu na niliona Bibi anasikilizwa vizuri, nikaongeza, "Minye njo nabapakiaka rangi."

Walitufuata nyumbani. Bibi alitembea mbele kichwa juu, kwa sababu alikuwa amesema kweli tupu na hakuona kosa lolote. Walimkuta Baba Mdogo na kopo likifuka moshi. Hawakumwuliza swali. Walipomfunga mikono kwa mshipi wake mwenyewe ndipo nilipomwona Bibi akielewa. Hakulia. Aliweka kichwani lilelile beseni la sombe ambalo alikuwa amelishusha sasa hivi, kana kwamba anakwenda kuliuza, akanishika mkono, tukawafuata. Alinibana mpaka mifupa ikauma.

Komanda wao alikuwa amechukua ofisi ya zamani ya wakubwa karibu na pwani. Alikuwa kijana, na kofia ya ngozi ya chui, na sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa amekaa mbali na kila mtu, kwa sababu alikuwa amenyunyiziwa maji ya dawa ya kuzuia risasi, na dawa ile ilikuwa na miiko yake: ukiguswa na mtu, imekwisha. Wale vijana walimwaga kikapu chetu mezani. Bongo zikatandazwa pale, nyekundu kwa nyeupe kwa bulu, zikamkodolea macho kwa kope zangu.

"Hii njo bongo?" aliuliza.

"Njo hii, komanda," alisema Baba Mdogo. "Ni ya kukamata samaki. Jina njo mubaya."

Nilisubiri acheke. Mtu yeyote angecheka. Mimi mwenyewe niliona jinsi inavyochekesha. Hakucheka. Alichukua moja nyekundu kwa ncha mbili za vidole, akaitikisa karibu na sikio.

"Bantu banaficha maneno mu mukate, mu viatu, mu matiti ya banamuke," alisema. "Weye unaniambia hii ni ya samaki. Sawa. Tutaenda mu maji. Unatia nyekundu peke yake. Kama samaki inaikamata, weye ni muvuvi, unarudi kwako. Kama inaikataa, ile bongo ni ingine, na weye utabakia kulekule mu maji."

Baba Mdogo alisema sawa, kwa sauti ambayo sikuijua.

Bibi alisema, "Minye pia nitaenda." Komanda alimwambia mama abaki pwani. "Kama mutamuua, nitaona," alisema Bibi, kisha akaingia mtumbwini. Miaka yote aliyokaa ziwani hakuwa ameingia chombo cha majini hata mara moja. Aliingia kwa magoti, akiwa na beseni la sombe na mimi, maana hakutaka kuuachia mkono wangu, na hakuna aliyethubutu kututoa.

Mtumbwi ule ulikuwa wa watu wanne wembamba, na sisi tulikuwa watano na beseni. Mbele alikaa Baba Mdogo, mikono imefunguliwa. Nyuma alipiga kasia yule kijana wa muwa. Katikati tulikuwa sisi na komanda ambaye hakuna aliyetakiwa kumgusa. Kila wimbi dogo likija, Bibi anayumba kwake, yeye anajikunja upande wa pili, mtumbwi unainama, kijana wa kasia anapiga kelele, "Komanda, tutaanguka," na komanda anasema kwa hasira kwamba haanguki. Bibi alikuwa amefumba macho akiimba wimbo wa kanisa kwa ndani, bila sauti, midomo tu. Nilitaka sana kucheka na nilitaka sana kulia.

Baba Mdogo alishusha mshipi. Komanda alikuwa amezikagua bongo zote kwa jicho, nyekundu mpaka ya mwisho. Zilishuka ndani ya maji na mimi nilichungulia. Niliona wekundu mwembamba ukitoka kwao na kupanda juu, kisha ukaisha. Hakuna mwingine aliyechungulia. Nilimwangalia Baba Mdogo, na yeye alikuwa ananiangalia mimi, na alitikisa kichwa kidogo sana, nisiseme kitu.

Alivuta mshipi, akauachia, akauvuta. Ziwa lilikuwa limetulia. Ng'ambo milima ya Burundi ilionekana wazi mpaka nyumba zake. Nadhani hatukukaa sana, lakini mimi niliomba mara nyingi, na sala yangu ilikuwa moja: Mungu, fanya samaki waamini bongo, hata kama ni dhambi, nitatoa ulimi wowote unaotaka.

Mshipi ukakakamaa. Baba Mdogo akauvuta kwa mikono yote miwili, na mikeke wakaanza kuja juu, mmoja, wa pili, wa tatu, wakipiga mikia mtumbwini, wakiruka kwenye sombe ya Bibi, mmoja karibu na magoti ya komanda, naye akajikunja zaidi, maana hakuwa ameambiwa kama kuguswa na samaki kunaharibu dawa. Kijana wa kasia akaanza kushangilia. Baba Mdogo alikuwa anacheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Komanda hakushangilia. Alinyoosha kidole kwenye mdomo wa mukeke wa kwanza. Bongo ilikuwa imening'inia pale, nyeupe kabisa.

"Nyekundu iko wapi?"

Baba Mdogo alifungua mdomo. Mtu huyu alikuwa na jibu kwa kila kitu. Alijibu wachungaji, alijibu wadai, alijibu radi. Siku ile hakutoka na neno hata moja. Komanda alisubiri, kisha akamgeukia Bibi.

"Mama. Bantu bote banasema weye hausemake bongo. Hata ku bariyeri ulisema kweli, ukatupatia mutoto yako. Njo nitakuuliza weye. Rangi imeenda wapi?"

Bibi alifumbua macho. Aliutazama mshipi. Alimtazama Baba Mdogo, ambaye alikuwa amemwinamia kama alipokuwa mtoto akisubiri fimbo. Nilijua atasema nini. Atasema ni dawa ya vidonda, imelowa, imetoka, kama alivyowaambia kweli wageni wote waliokuja wakati mbaya. Nilijaribu kumfinya mkono, lakini ni yeye aliyekuwa amenibana.

"Samaki imeikula," alisema Bibi.

Na kwa kuwa hakuwa na mazoezi, hakujua kwamba mwongo mzuri hunyamaza hapo, akaendelea. "Inapendaka ile nyekundu. Inailamba kwanza, inaimaliza yote, njo inakamatika. Angalia mu shingo yayo."

Komanda alichukua kisu, akainua shavu la mukeke kwa ncha yake. Na ndani, kama ilivyo kwa kila samaki tangu Mungu aumbe maji, kulikuwa na wekundu mtupu.

Aliuangalia kwa muda mrefu. Akamwonyesha kijana wa kasia. "Mumeona?" alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya umri wake. "Hata samaki."

Mikeke karibu wote walibaki ofisini, kwa ajili ya mapinduzi. Tuliachiwa wawili, na amri kwamba kuanzia siku ile mtu asivue kwa rangi nyingine. Njiani Baba Mdogo alipata sauti yake yote kwa mara moja. Alicheka, aliigiza komanda akikwepa samaki, alimwambia Bibi kwamba kumbe kipaji kipo kwenye ukoo. Bibi alitembea mbele na beseni lake.

Jioni alipika wale mikeke wawili kwa mawese, akasonga bugali. Kabla ya kula ni yeye aliyeomba, na sala ya Bibi haikuwa ya haraka. Alikuwa na desturi ya kumtajia Mungu makosa ya kila mtu wa nyumba kwa jina lake, kuanzia mdogo, na chakula kilipoa huku Baba Mdogo akisubiri zamu yake. Tulifumba macho. Nikasubiri kusikia jina langu na ulimi wangu. Halikuja. Nikafumbua jicho moja, nikaona Baba Mdogo naye amefumbua lake.

"Bwana," alisema Bibi, "leo nilisema bongo. Nilisema na akili yangu yote. Siombe musamaha." Akavuta pumzi. "Na weye uko na Mwana. Unajua. Amina."

Baba Mdogo hakuweza kusema amina. Alikuwa ameuficha uso wake kwenye mikono yake iliyonuka plastiki, na mabega yalikuwa yanatikisika, na safari hii hakuwa anacheka. Niliisema mimi kwa niaba yake, huku naangalia bati juu yetu kama litaanguka. Halikuanguka.